Maandishi ya Magari na Suala la Fani na Maudhui: Mfano wa Tuwan, Kitale

Maandishi yanayobandikwa au kupakwa rangi kwenye magari yamekwisha kukubaliwa kuwa sehemu ya fasihi yetu. Wakusanyaji huyaorodhesha pamoja na misemo ya kanga, huyagawa katika mafungu ya dini, mapenzi, maonyo na majigambo, kisha huyafasiri kama methali. Makala haya yanapinga utaratibu huo. Nitajaribu kuonyesha kwamba msemo wa gari hauna maana kamili mpaka usomwe pamoja na gari lenyewe, njia lipitayo, majira ya mwaka, na hata matairi yake.

Mfano wetu ni Tuwan, mtaa wa mji wa Kitale. Kutoka mji huu Land Rover na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu yote manne hupanda kuelekea Endebess na miteremko ya Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, au hushuka kuelekea Kimilili na Bungoma. Msamiati wa majira tuliourithi kutoka Pwani haufai sana hapa. Pwani ina masika na vuli. Kitale mvua huanza mnamo Machi au Aprili, ikaendelea hata Oktoba, na kiangazi hasa ni kuanzia Desemba hadi Februari. Kwa hiyo mwenye gari anajua majira mawili: ya vumbi na ya matope.

Tairi lenye meno makubwa yaliyoachana hutema matope linapozunguka. Lakini juu ya lami huvuma na kulika upesi. Tairi lenye meno madogo hudumu zaidi barabarani, ila katika udongo unaonata mifereji yake huziba, likateleza kama kipara. Huko Ujerumani sheria ya mwaka 2010 inamlazimisha dereva kutumia matairi yafaayo wakati wa theluji na barafu. Tuwan hakuna sheria inayomwamuru mtu abadili matairi mvua inapoanza. Mwenye gari hupima mfuko wake na njia yake, kisha huamua. Uamuzi huo huonekana na watu wote, nao ni kauli.

Tuchukue msemo unaojulikana na kila mtu: “Mvumilivu hula mbivu.” Katika orodha ya mkusanyaji huu ni wosia, basi. Lakini tuuweke juu ya kioo cha mbele cha gari lenye matairi vipara, mwezi wa Julai. Sasa wasomaji wake ni abiria watakaoshuka kusukuma, na wosia umekuwa ombi la msamaha, au kejeli. Tukiyavua matairi hayo na kuyavika magurudumu meno mapya, maneno yale yale yanageuka kuwa majigambo mbele ya waliokwama. Hakuna herufi iliyobadilika. Ni dhahiri basi kwamba tairi limeingia katika maudhui.

Mahali pa maandishi napo ni sehemu ya fani. Msemo uliobandikwa chini ya mlango hufunikwa na matope siku ya kwanza ya mvua. Ulio juu ya kioo husomeka mwaka mzima. Wa nyuma husomwa na aliyeachwa. Aidha, uchaguzi wa Kiswahili una sababu yake. Kitale ni mji wa Wabukusu, Wasabaoti, Waturkana na wengineo. Msemo wa Kibukusu ungezungumza na jamaa. Wa Kiswahili unazungumza na abiria, fundi, askari na mshindani kwa pamoja.

Huenda msomaji akasema kwamba tairi ni mpira, wala si lugha. Lakini mbona hatuoni taabu kuhusu kanga? Anayetaka kuelewa jina la kanga huuliza nani aliivaa, siku gani, akipita mbele ya mlango wa nani. Tunachoiruhusu kanga hatuna sababu ya kulinyima gari.

Suala hili si la nadharia tupu. Mwaka 2004, kanuni za Kenya zilipoyalazimisha matatu kupakwa mstari wa manjano, michoro na maandishi mengi yalifutwa. Orodha zilizokuwapo ziliyahifadhi maneno, na kwa hilo wakusanyaji wanastahili shukrani. Lakini kama orodha haionyeshi gari lilipita njia gani, katika majira gani, na liliandikwa upande upi, hatuwezi tena kujua ni msemo upi ulikuwa sala na upi ulikuwa tusi. Hasara hiyo haifidiki.

Kwa hiyo napendekeza kwamba wanafunzi wetu wanaokwenda nyanjani waandike, kando ya kila msemo, tarehe, njia, mahali pa maandishi na hali ya matairi. Kazi hiyo yahitaji kuinama kidogo na kuchafua viatu. Mhakiki anayesoma kioo cha mbele peke yake amesoma nusu ya kauli.