Anza na Episodi ya Saba: Namna ya Kuipima Katuni ya Televisheni

Vijana wa Boito, kwetu kwenye mashamba ya chai, wanaobishana kuhusu katuni huanzia mahali pabaya, yaani episodi ya kwanza. Likizo ya Agosti ikifika, mtu anaingia katika duka la muvi pale senta na flashi yake, anawekewa msimu mzima wa anime, yaani katuni za Kijapani, na kabla hajalala hukumu imeshatolewa: hii ni moto, ile ni takataka. Kumbe episodi ya kwanza ndiyo iliyopewa muda kuliko zote. Ilianza kuchorwa miezi mingi kabla ya kurushwa hewani, wachoraji hodari wote walikuwa bado hawajachoka, na mara nyingi mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyechora storibodi yake, ile michoro ya penseli inayoonyesha kila tukio litaonekanaje. Katuni yoyote inaweza kupendeza hapo.

Karani wa majani chai anayeijua kazi yake haangalii yale ya juu. Anaingiza mkono hadi katikati ya gunia, kwa kuwa huko ndiko yanakofichwa majani magumu na yale yaliyoshika joto. Mfululizo wa Kijapani wa episodi 12 una katikati yake pia, na iko kati ya ya 6 na ya 9. Mimi huiomba ya 7 kwanza, ingawa najua nitaharibiwa hadithi. Hadithi nitairudia baadaye. Ninachotafuta pale ni kalenda.

Maana kalenda inaonekana kwenye picha, na mtu akishaijua haachi kuiona. Mwaka wa televisheni Japani umegawanywa robo nne, zinazoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila robo ina nafasi ya episodi 12 au 13, moja kwa wiki. Fedha hutolewa na kamati: mchapishaji wa kitabu cha katuni, kampuni ya muziki, pengine ya vinyago, na kituo chenyewe. Kamati hiyo ndiyo inayomiliki kazi. Studio mara nyingi hulipwa ada tu. Saa ya kurusha, ambayo kwa anime nyingi ni usiku wa manane, hupangwa mapema sana, kisha wachoraji ndio wanaokimbizana na tarehe. Mfululizo unaanza kuonyeshwa huku episodi za mwisho hazijachorwa. Akiba ya kazi iliyokamilika ikiisha, na huisha karibu na katikati, kila kitu hufanywa kwa haraka. Ukikutana na episodi nzima ya kukumbushana yaliyopita, hasa baada ya wiki tano au sita tu, usidhani mwandishi amekosa la kusema. Studio ilihitaji wiki moja ya kupumua.

Mtindo huu wa kukimbizana na tarehe una mwanzo wake. Tarehe 1 Januari 1963, Fuji TV ilirusha Tetsuwan Atom, ambayo nje ya Japani inaitwa Astro Boy, kazi ya Tezuka Osamu na studio yake ya Mushi Production. Nusu saa ya katuni kila wiki ilikuwa mzigo ambao studio hiyo haikuwa na watu wa kuubeba, kwa hiyo Tezuka alipunguza kila kilichoweza kupunguzwa. Mchoro mmoja ulikaa fremu tatu. Mdomo ulisogea peke yake uso ukiwa umeganda. Michoro ya kuruka angani iliwekwa akiba ikatumiwa tena wiki nyingine. Pia alikubali bei ya chini sana, na wapo wanaomlaumu mpaka leo kwa hilo, mimi nikiwamo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa bila hesabu mabishano haya hayaishi. Katuni ya televisheni huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Ondoa wimbo wa kufungua na wa kufunga, unabaki na dakika 21 hivi, ambazo ni zaidi ya fremu 30,000. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu tatu unahitaji michoro kama 10,000. Lakini episodi ya kawaida ya anime hutumia kati ya 3,000 na 5,000 tu. Iliyobaki ni picha zilizosimama, na hapa ndipo jicho la mpimaji linapofanya kazi, kwa sababu kuna kusimama kwa namna mbili. Kuna uso uliotulia kwa sekunde nne kwa vile mtu amepokea habari nzito, huku mwanga wa dirishani ukisogea kidogo ukutani. Na kuna wahusika wawili wanaotembea wakizungumza, wakionyeshwa kuanzia kifuani kwenda juu, wakipanda na kushuka kama maboya ziwani, ili mtu asilazimike kuchora miguu. Tafuta miguu. Studio yenye muda huonyesha miguu inayokanyaga na mwili unaohamia upande wa mguu uliokanyaga. Tafuta na mikono inayoshika vitu: kikombe kinachoinuliwa mezani, vidole vinavyojipanga kwenye mkono wa kikombe, uzito wa chai iliyomo. Ikiwa kila mara kikombe kinaonekana tayari kiko mdomoni, kuna mtu alikosa usiku mmoja wa kazi.

Kompyuta ya duka ikiwa na VLC, simamisha picha kisha bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, inasogea fremu moja. Hesabu unabonyeza mara ngapi kabla mchoro haujabadilika. Mara mbili ni kazi ya michoro 12 kwa sekunde, mara tatu ni michoro minane. Usikimbilie kusema kwamba mbili ni bora kuliko tatu, maana mchoraji mzuri huchanganya: ngumi inayoinuliwa polepole hupewa tatu, inapotoka hupewa moja moja, ikifika inagandishwa. Mchanganyo huo ndio unaofanya uone maumivu. Kinachonitia shaka ni mwendo wa kasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kama michoro ni mingi na misafi.

Kosa ninalolisikia zaidi ni la kuhukumu kwa picha moja iliyosimamishwa. Kuna kijana aliyenionyesha simu yake: "Mwalimu, hebu ona walivyoharibu hapa." Ilikuwa Naruto: Shippuden, episodi ya 167, pambano la Naruto na Pain. Picha zake zimezunguka dunia nzima zikichekwa: uso umevutika kama mpira, taya limeenda upande. Nikamwomba aicheze bila kuisimamisha. Nyuso zile zilivutwa makusudi, kila moja ikionekana sehemu ndogo ya sekunde, ili nguvu ya mapigo ipite kwenye mwili mzima. Unaweza usiipende, wengi hawaipendi, na mimi naona baadhi ya sehemu zake zimezidi chumvi. Ila kuiita uvivu ni kutojua kazi, kwani ni miongoni mwa episodi zilizochorwa kwa juhudi kubwa katika mfululizo wote wa episodi 500.

Uvivu, au tuseme ukata wa muda, tafuta kwenye orodha ya majina mwishoni mwa episodi. Kila episodi ya anime ina msimamizi wa michoro, ambaye hupitia kazi ya wengine na kuzirekebisha nyuso zifanane. Kijapani cheo hicho huandikwa kwa alama nne, 作画監督. Huhitaji kusoma zaidi ya hapo. Hesabu majina yaliyo chini yake. Jina moja au mawili ni dalili kwamba mtu mmoja au wawili waliishika kazi yote mkononi. Yakifika kumi na zaidi, jua kwamba episodi iligawanywa vipande vipande siku za mwisho na kila kipande kikapata fundi wake wa dharura. Pamoja nao huwa kuna orodha ndefu ya wachoraji wa michoro ya kati, ile inayounganisha mkao mmoja na mwingine, wanaolipwa kwa mchoro, takriban yen 200 kila mmoja. Studio ya Kyoto Animation ilijitenga na utaratibu huo kwa kuwaajiri wachoraji wake kwa mshahara na kuwafundisha yenyewe, na ndiyo maana episodi ya 7 ya K-On! haitofautiani sana na ya 1.

Mifululizo mirefu ina ugonjwa mwingine. Inapokuja kila wiki mwaka mzima, huku kitabu inachokifuata nacho kinatoka kila wiki, katuni hukifikia kitabu. Dragon Ball Z ilitatua shida hiyo kwa kunyoosha: sayari ya Namek ilipewa dakika tano kabla ya kulipuka, na dakika hizo zikachukua karibu episodi kumi. Naruto ya kwanza ilitunga hadithi zake yenyewe, ikajaza nazo sehemu kubwa ya episodi 80 hivi za mwisho. One Piece, iliyoanza Oktoba 1999, ilivumilia kwa miaka, ikasimamisha episodi mpya kuanzia Oktoba 2024 hadi Aprili 2025, kisha studio yake, Toei, ikatangaza kuwa kuanzia 2026 haitazidi episodi 26 kwa mwaka. Mpimaji anayelalamika kwamba hadithi inakokotwa yuko sahihi, ila alaumu ratiba kabla ya kumlaumu mwandishi.

Magharibi mambo hupangwa kwa njia nyingine. Kituo huagiza msimu mzima, sauti za waigizaji hurekodiwa kwanza, kisha mchoraji huchora mdomo akiifuata sauti. Japani kwa kawaida sauti huja mwisho, na mdomo una mikao mitatu tu: umefumba, nusu, umefumbua. Kwa hiyo midomo ni kipimo kizuri cha katuni ya Kimarekani lakini si cha haki kwa anime. Huko Marekani idadi ya episodi nayo ilifuata biashara: katuni za miaka ya 1980 kama He-Man zilitengenezwa 65 kwa mkupuo, kwani siku tano za wiki mara wiki 13 ni 65. Idadi kama hiyo huleta episodi nyingi za kujaza nafasi. Kubana matumizi hakukuwa kwa Wajapani peke yao. Mtazame Yogi Bear wa studio ya Hanna-Barbera wa mwaka 1958, dubu asiye na shati lakini amevaa kola na tai. Kola ile iliwaruhusu kukiacha kiwiliwili vilevile na kuchora kichwa tu, bila mtu kuona kiungo. Ni hila ya umaskini iliyogeuka kuwa sura ya mhusika, na hilo nalihesabu kuwa ufundi.

Episodi moja ya The Simpsons huchukua miezi mingi, na sehemu kubwa ya uchoraji imefanywa Korea Kusini. South Park kwa miaka mingi imetengenezwa kwa siku sita. Ukiwauliza mashabiki ipi ina ubora, watahesabu siku. Lakini South Park ilichagua vikaragosi bapa, kama vya karatasi iliyokatwa, ambavyo siku sita zinavitosha, na vichekesho vinavyotegemea habari za wiki hiyohiyo. Umbo na ratiba vimekubaliana. Kwa upande mwingine kuna Avatar: The Last Airbender, episodi 61 kati ya 2005 na 2008, iliyoandikwa Marekani na kuhuishwa Korea, ambapo kila taifa hupigana kwa mtindo wa kweli wa Kichina, Tai Chi kwa watu wa maji, Hung Gar kwa watu wa ardhi. Angalia nyayo zao wakijipanga kabla ya kupiga.

Kwetu, kipimo hicho cha umbo kukubaliana na uwezo kinaipa heshima Tinga Tinga Tales, episodi 52 za dakika 11, zilizohuishwa Nairobi na studio ya Homeboyz na kuanza kuonyeshwa kwenye chaneli ya CBeebies ya Uingereza mwaka 2010. Michoro ya Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, iliyoipa katuni hiyo sura yake, ni bapa, imejaa madoa, haina kivuli wala kina. Ukimkata tembo wa namna hiyo vipande ukavitikisa kwenye kompyuta, hapotezi chochote, kwa kuwa hakuwa na mwili wa kuzunguka tangu mwanzo. Muziki wa Eric Wainaina unabeba mengine. Ubongo Kids, iliyoanza TBC1 Januari 2014, ni ya kawaida zaidi kwa michoro; viungo vya wahusika vinaonekana wazi na miguu huteleza. Lakini ilitungwa kwa Kiswahili kwanza, na hilo linasikika: kichekesho kinafika kwa wakati wake, wimbo wa hesabu una vina vya kwake. Ukiifuatisha na katuni ya Kimarekani iliyotiwa Kiswahili juu ya midomo iliyochongwa kwa Kiingereza, tofauti inakera. Ajabu ni kwamba anime ingevumilia Kiswahili vizuri zaidi, maana midomo yake ya kufumba na kufumbua inalingana na silabi zetu zinazoishia kwenye irabu. Hapo nasema habari ya kutafsiri kwa makini. DJ Afro, anaposimulia kwa sauti yake juu ya filamu ya kigeni, hajali mdomo wa mtu, na hatudai ajali.

Kwa watoto wadogo, tangu chaneli ya Akili Kids! ilipoanza tarehe 31 Machi 2020, wiki mbili baada ya shule za Kenya kufungwa kwa sababu ya korona, nyumba yenye king'amuzi inaweza kupata katuni kutwa nzima bila kulipia. Huko usihesabu fremu. Pima pengo: mhusika akiuliza swali, anamsubiri mtoto kwa muda gani? Sekunde moja ni ya mtu mzima aliyehariri akijua jibu. Mtoto wa miaka minne anahitaji tatu au nne, na sekunde hizo ni za bei rahisi kuliko zote kutengeneza, kwa vile hakuna kinachosogea isipokuwa macho. Ukiona zimekatwa, aliyezikata hakuwa na haja ya kubana fedha wala muda.