Ughali wa Sake ya Daraja la Juu

Wengi wasikiao bei ya chupa moja ya sake, pombe ya mchele ya Kijapani, ya daraja liitwalo daiginjo hudhani kwamba mnunuzi anatozwa kwa ajili ya jina na karatasi yenye nakshi. Nami sikatai kwamba fahari ina fungu lake katika kila biashara ya anasa, lakini mtu akiifuata punje ya mchele tangu kondeni hata chupani, ataona kuwa gharama nyingi zimekwisha kulipwa kabla ya kupatikana hata tone moja.

Mchele wenyewe si ule wa kupikia wali. Aina inayosifiwa kupita zote, Yamada Nishiki, iliyopewa jina hilo mwaka 1936 katika jimbo la Hyogo, ina punje kubwa yenye kiini cheupe cha wanga, ila mabua yake ni marefu na hulala upesi kwa upepo, basi mkulima haridhiki kuipanda pasipo kulipwa thamani kubwa. Punje hiyo, ikiisha kutolewa kumvi, huparuzwa polepole kwa jiwe lizungukalo, ili matabaka ya nje yenye protini na mafuta, yaharibuyo manukato yanayotafutwa, yaondoke. Kanuni ya daiginjo ni kwamba isibaki zaidi ya nusu ya uzito wake. Nayo kazi hiyo huchukua yapata siku 2, kwani mashine ikiharakishwa punje hupata moto na kupasuka. Wako watengenezaji, kama wale wa Dassai huko Yamaguchi, wabakizao asilimia 23 tu, yaani kilo 100 za mchele wao zimetokana na zaidi ya kilo 430.

Hata hivyo, kwa rai yangu, asilimia hiyo iandikwayo chupani huwapumbaza wanunuzi kwa kuwa ni nyepesi kuhesabika, ilhali gharama nzito zaidi ni ya mikono. Mchele ulioparuzwa kiasi hicho hunywa maji upesi mno, hata hurowekwa kidogo kidogo, na mtu amesimama na saa akihesabu sekunde. Ukiisha kupikwa kwa mvuke, sehemu yake hupelekwa katika chumba cha joto na kunyunyiziwa mbegu za ukungu wa koji, ugeuzao wanga kuwa sukari. Na kwa siku 2, usiku na mchana, mafundi huupindua na kuugawa katika visinia vya mbao, wakichelea joto lisizidi. Kisha koji hiyo hutiwa katika pipa pamoja na mchele uliosalia, maji na hamira, na ndani ya rojo hilo sukari huzaliwa na kuliwa na hamira kwa wakati mmoja, jambo lisilokuwako katika mvinyo wa zabibu. Na kwa daiginjo rojo huachwa katika baridi ya nyuzi 10 hivi, hamira ikajikokota mwezi mzima au zaidi, na pipa halina nafasi ya kazi nyingine.

Zile zilizo bora kabisa hazikamuliwi kwa mashine: rojo hutiwa katika mifuko ya kitambaa ikatundikwa, kikakingwa kile tu kidondokacho kwa uzito wake chenyewe. Kilichosalia mfukoni hukamuliwa baadaye na kuuzwa kwa bei nafuu, na machicha yakanunuliwa na wapishi kwa kuhifadhia mboga na samaki.