Kujua Kushuka: Ufundi wa Kutoumia katika Dansi ya Mlingoti

Dansi ya mlingoti ni sanaa ya kuubeba mwili hewani kwa nguvu ya msuguano. Bomba la chuma husimamishwa wima kutoka sakafuni hadi darini, na mchezaji hulipanda, hulizunguka na kubinuka juu yake kichwa chini, bila kamba, bila mkanda wala ndoano. Kinachomzuia asianguke ni ngozi iliyokamata chuma, misuli inayobana, na akili inayojua kila wakati uzito umelalia wapi. Kwa hiyo usalama katika sanaa hii umo ndani ya mbinu zenyewe. Mchezaji anayerusha miguu, anayetetemeka au anayening'inia kwa ncha za vidole huchukiza jicho kwa sababu ile ile inayomweka hatarini.

Asili yake ni zaidi ya moja. Maharashtra, India, kuna mallakhamb, mchezo ambao wapiganaji mieleka waliutumia kujenga miili yao juu ya nguzo ya mti mgumu iliyopakwa mafuta ya nyonyo. Wanasarakasi wa China hupanda nguzo ndefu iliyovikwa mpira, nao huvaa nguo nzito na viatu; ni katika shule ya sarakasi za China ndimo vijana wa Tanzania walimopelekwa kufundishwa miaka ya 1960, na mpaka leo nguzo hiyo ni miongoni mwa vifaa vya wanasarakasi wa Afrika Mashariki wanaozunguka duniani na maonyesho yao. Mlingoti wa chuma kitupu ulitoka katika kumbi za starehe za Amerika ya Kaskazini, ukaingia madarasani miaka ya 1990, kisha mashindanoni. Shirikisho la kimataifa la michezo hii, IPSF, lilianzishwa mwaka 2009, na mlingoti wake wa mashindano una kipenyo cha milimita 45 na urefu wa mita 4. Tofauti ya hizi tatu iko katika msuguano. Aliyepaka mti mafuta huhitaji mbano wa miguu usio na mfano. Aliyevika nguzo mpira huogopa kuunguzwa na mpira huo anapoteleza. Anayetumia chuma kitupu hana budi kuitegemea ngozi.

Ndiyo maana kaptula ni fupi. Watazamaji wengi huanza na kuishia kwenye suala la mavazi, na historia ya kumbi za starehe imewapa sababu, lakini suruali ya kitambaa huteleza juu ya bomba la kromu, na mwenye kubinuka akiwa ameivaa anakaribisha ajali. Ngozi ya paja, ya nyuma ya goti, ya kwapa na ya kiuno ndiyo breki. Siku ya mazoezi haipakwi losheni wala mafuta, na bomba hufutwa kila anapobadilika mtu. Pete, bangili na saa huvuliwa, kwani pete inaweza kukwama na kuumiza kidole, tena huchubua chuma. Kwenye joto na unyevu kama wa Mombasa au Dar es Salaam, kromu hugeuka utelezi kwa jasho. Bomba la shaba ya njano hukamata vizuri zaidi, na chaki ya magnesia hukausha viganja. Chaki ina hasara yake pia: mkono uliokauka mno huteleza kama ulioloa, na mwanafunzi anayeipaka kila dakika mara nyingi amechoka, wala hana tatizo la jasho. Alama za bluu mapajani ni za kawaida miezi ya mwanzo, na hupungua kadiri ngozi inavyozoea. Maumivu ya ndani ya kiungo si ya aina hiyo, na mwanafunzi hufundishwa mapema kutofautisha hayo mawili.

Bomba lenyewe lina haki yake ya kukaguliwa. Mengi ya nyumbani hushikiliwa kwa mkandamizo kati ya sakafu na dari, basi likisimikwa chini ya silingi bodi iliyopigiliwa kwenye papi nyembamba, siku moja litaondoka pamoja na mtu. Panatakiwa zege au boriti. Bomba linalozunguka lina kufuli ya kulifanya litulie, na kufuli hiyo hujaribiwa kabla ya kila kipindi, kwani anayetarajia chuma kilichotulia akakuta kinazunguka hupoteza mshiko papo hapo.

Kupasha mwili hakuhitaji maelezo marefu: moyo uende mbio kidogo, damu ishuke mikononi, na vifundo vya mikono, mabega, nyonga na mgongo vizungushwe mpaka vilegee. Kunyoosha misuli kwa kuivuta na kuishikilia kwa muda mrefu kunafaa zaidi mwisho wa kipindi.

Bega ndilo linalostahili kurasa nyingi. Ni kiungo chenye uhuru kuliko vyote mwilini: kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kibakuli kisicho na kina, na kinachokizuia kisitoke ni kano pamoja na misuli minne midogo inayokizunguka. Uhuru huo umelipiwa kwa uthabiti. Mgeni anaposhika bomba na kuondoa miguu sakafuni, mabega yake hupanda hadi masikioni, naye huning'inia kama nguo kwenye kamba, uzito wote ukiwa juu ya kano. Haumii siku hiyo. Huumia baada ya wiki kadhaa, na hushindwa kukumbuka ni lini hasa mambo yalipoanza kuharibika. Somo la kwanza la mwalimu makini halina uzuri wowote wa kuonyesha: mwanafunzi hushika bomba juu ya kichwa, hushusha mifupa bapa ya mabega kuelekea mgongoni, shingo ikawa ndefu, ndipo anapoondoa miguu. Akiweza kutulia hivyo kwa sekunde chache, viwiko vimekunjwa, mabega hayajapanda, ana msingi. Asipoweza, hakuna mkao wa juu anaostahili kuanza kujifunza, hata kama mwili wake ni mlaini kiasi gani. Wenye viungo vilaini kupita kiasi ndio hasa wa kuchungwa, maana viungo vyao hufika mbali kabla misuli haijafika.

Kisha huja kubinuka. Mwili husogezwa karibu na bomba, tumbo hukaza, nyonga hupanda juu ya mabega, na miguu hufunguka pande mbili za chuma. Jaribu kubwa la hatua hii ni kuruka. Mwanafunzi hupiga sakafu kwa mguu, kasi inampandisha, na papo hapo anaamini kwamba ameshajua. Kasi hiyo imeficha udhaifu tu, na mshtuko wa mwisho wa safari hupokelewa na bega au na kano ya kiwiko. Njia ya mafundi ni kinyume: mwanafunzi husaidiwa kufika juu, kisha hushuka mwenyewe polepole, akihesabu, nyonga zikirudi chini bila kuanguka. Misuli hubeba mzigo mkubwa zaidi inaporefuka chini ya uzito kuliko inapojikunja, kwa hiyo anayeweza kushuka taratibu leo ataweza kupanda bila kuruka baada ya muda. Faida nyingine ni kwamba kushuka ndiyo njia ya kutoka. Mchezaji aliyejifunza mkao kuanzia mwisho wake hakwami juu. Aliyejifunza kupanda tu hufika kileleni, nguvu zikamwishia huko, ndipo anapoanza kufikiri atashukaje.

Mantiki hiyo huonekana wazi katika kuning'inia kwa mguu mmoja, bomba likiwa limebanwa nyuma ya goti na mikono ikiwa imeachiliwa. Mwili hushikwa na sehemu tatu au nne kwa wakati mmoja, na hakuna sehemu inayoachiliwa kabla zilizobaki hazijathibitika. Mkono hauondolewi kwa mkupuo. Vidole hufunguliwa kwanza, kiganja kikiwa bado jirani na chuma, na mwanafunzi husikiliza kama goti linateleza. Kabla ya yote hayo huwa ameulizwa na kujibu: mkono upi utarudi kwanza, utashika wapi, mguu upi utafuata. Akisita kujibu akiwa amesimama sakafuni, hatajibu akiwa kichwa chini.

Katika mikao ya juu kama Ayesha, ambapo mwili hukaa kichwa chini mbali na bomba na kushikiliwa na mikono miwili tu, kazi hugawanyika. Mkono wa juu huvuta, wa chini husukuma. Anayesahau kusukuma huuachia mkono wa juu uzito wote na mzunguko juu yake. Kifundo cha mkono wa chini huumia kikikunjwa sana, na kiwiko chake kikinyooshwa hadi kujifunga kupita mstari wake, mzigo huacha misuli ukaingia kwenye kiungo. Mkono wa juu una mjadala wake. Baadhi ya wachezaji huupindua kuelekea ndani, kidole gumba kikitazama chini, mshiko unaowapa mwendo mrefu wa kurusha miguu kutoka sakafuni hadi juu. Ni mshiko wa kuvutia, na ndio unaoliweka bega katika hali mbaya kuliko yote: limepinduliwa hadi mwisho wake, kisha linapokea mwili mzima ukiwa kwenye kasi. Wapo waliofanya hivyo kwa miaka bila shida. Hata hivyo, kumpa mwanafunzi mshiko huo kabla hajaweza kukaa Ayesha kwa mshiko wa kawaida ni uzembe. Njia iliyo salama zaidi huanzia juu: mwanafunzi hubinuka, huweka mikono mahali pake huku mguu mmoja ukiwa bado umekumbatia chuma, huuondoa mguu huo kidogo, huurudisha, na kurudia mpaka siku mguu usipohitajika. Haruki kufika, mkao humjia kwa kuondolewa msaada mmoja mmoja.

Msamba hewani una hila yake. Mikono ikivuta mguu dhidi ya bomba, nguvu ya mikono hushinda uwezo wa msuli wa nyuma ya paja, na pale kano yake inaposhika kwenye mfupa wa kukalia hutokea maumivu sugu ambayo huchukua miezi kuondoka. Mguu unapaswa kupelekwa na misuli yake wenyewe, mikono ikisaidia tu. Mgongo nao haukunjwi kiunoni peke yake. Mkunjo hugawiwa kati ya nyonga, kifua na mabega.

Hesabu ya kuanguka ni fupi. Kutoka kimo cha mita 2, mwili hufika chini katika takriban theluthi mbili ya sekunde, ukiwa na kasi ya zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Kutoka humo ondoa muda ambao ubongo hutumia kutambua kwamba mshiko umeponyoka, kinachobaki hakitoshi kujigeuza. Godoro nene hupunguza mshtuko na ni la lazima, ila haliokoi shingo iliyotangulia. Kwa mikao mipya huhitajika mtu wa kulinda. Kazi yake si kudaka uzito wote, maana hataweza. Ni kushika nyonga au mgongo wa juu na kuhakikisha kichwa hakitangulii. Husimama karibu, pete hana, mazungumzo hana. Mkao mpya hufanywa chini, kimo cha kuweza kugusa sakafu kwa mkono, na hupandishwa juu baadaye. Kudondoka kwa makusudi, ambako mchezaji hulegeza mapaja, akashuka ghafla na kubana tena karibu na sakafu, hufuata kanuni hiyo kwa ukali zaidi: kimo huongezwa kidogo kidogo, na breki hujaribiwa taratibu mara nyingi kabla ya kujaribiwa kwa kasi. Bomba linalozunguka huongeza jambo jingine. Mwili ukijikusanya mwendo huzidi, ukitanuka hupungua. Anayeogopa hujikunyata, na kwa kujikunyata hujizungusha mbio zaidi.

Misuli hupata nguvu kwa wiki, kano kwa miezi, na majeraha mengi ya bega na kiwiko huzaliwa katika pengo hilo. Mwanafunzi wa miezi minne hujiona ana nguvu, na kweli anazo, lakini kano zake bado ni za mwezi wa kwanza. Kipindi kizito hufuatwa na siku ya kupumzika au ya kazi nyepesi. Mikao hufanywa pande zote mbili, hata ule upande wa aibu usiopiga picha nzuri, maana kurudia upande mmoja tu hupinda mwili na kuchosha kiungo kile kile. Jaribio la "mara ya mwisho tu, nirekodi video" ndilo la kukataliwa kwanza, kwa kuwa hufanywa mikono ikiwa imekwisha.

Maumivu makali ya ghafla, ganzi ya vidole, au mkono unaokosa nguvu bila sababu husimamisha kipindi na kumpeleka mtu kwa daktari. Aliyeangukia kichwa au shingo haketishwi wala hanyanyuliwi. Huachwa alivyo, kichwa kikitulizwa, mpaka wauguzi wafike. Anayerudi baada ya kupona haanzii alipoishia. Huanza na kuning'inia mabega yakiwa yameshushwa, kisha kubinuka akisaidiwa, kisha kushuka polepole. Mikao ya mikono miwili hurudi baada ya bega lililoumia kubeba sawa na lile zima, bila maumivu siku ya mazoezi wala kesho yake.