Changarawe Iliyokwishaoshwa

Huko Maganzo, mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu ulio jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, lundo la changarawe lililokwishaoshwa bado lina wateja. Linaweza kuota nyasi hadi atokee mtu mwenye chekeche anayeamini kwamba aliyetangulia aliacha kitu. Mtu huyo namsifu bila kusitasita. Kuosha changarawe mpya kunataka nguvu. Kuosha marudio kunataka umsome mwenzako, ujue alichoka wapi na alikimbilia nini.

Makosa ya mwoshaji wa kwanza yanafahamika. Mabonge ya udongo wa mfinyanzi ambayo hakuyavunja yalipita na mawe yake tumboni. Chekeche alilijaza kupita kiasi. Au matundu yalikuwa makubwa, kwa kuwa alitaka jiwe kubwa tu. Ndiyo maana fundi wa marudio huanza kwa kuloweka. Huloweka, hukanyaga, huponda bonge kwa vidole, kisha hutenga kokoto kwa machekeche ya matundu tofauti ili za ukubwa mmoja zioshwe pamoja. Zikichanganywa, kubwa nyepesi na ndogo nzito huzama kwa mwendo unaokaribiana, na kazi yote huharibika hapo.

Halafu inakuja zamu ya mkono. Chekeche la mviringo huzamishwa majini, likapandishwa na kushushwa kwa mikupuo mifupi huku likizungushwa kidogo kulia, kidogo kushoto. Kila linaposhuka, maji hupenya kutoka chini na kuzinyanyua kokoto zote kidogo. Kufumba na kufumbua, zile nzito huwahi kutua. Almasi ni nzito kuliko maji mara tatu na nusu, kokoto nyeupe ya kawaida mara mbili na nusu na ushei. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wa fundi. Mzunguko huzivuta nzito katikati. Fundi akiwa na haraka, kokoto hizo hutawanyika pembeni.

Kisha chekeche hupinduliwa chini kwa pigo moja, kama ugali unavyopinduliwa kwenye sahani, na kilichokuwa chini kinakuwa juu. Katikati unaona duara la kokoto nzito, nyeusi za ilmenaiti na nyekundu za garneti. Duara hilo likikaa vizuri, hata kama halina almasi, mkono umefanya kazi yake. Likitawanyika, fundi anayejiheshimu huzoa kokoto zote na kurudia, hata kama hakuna anayemwangalia. Kwangu hapo ndipo ufundi ulipo. Jicho nalo lina kazi, kulitambua jiwe lisiloshika maji: maji hayapendi kushika kwenye almasi lakini grisi huishika, ndiyo maana migodi imekuwa ikitumia meza za grisi, maji na kokoto vikapita, almasi ikanata.

Hesabu yake ni ngumu. Mwamba wa Mwadui, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, una uso wa hekta 146 hivi, lakini almasi zake ni haba: karati kama sita kwa tani mia moja, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Jiwe la waridi la karati 54.5 lililopatikana 1947 ndilo linalosimuliwa. Fundi wa marudio huishi kwa mawe madogo. Kishapu ni kukavu, kwa hiyo maji yenyewe ni gharama. Mfadhili analisha na kununua vifaa, mwenye leseni ana fungu lake, serikali inachukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwenye mkono hupata kinachobaki.

Baharini mambo ni yale yale: anayetoa mali hugombania fungu lake. Novemba 1942 meli ya Tilawa, iliyotoka Bombay kuja Mombasa na kuendelea hadi Durban, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Watu 280 walikufa. Ilibeba madini ya fedha ya Afrika Kusini ya kutengenezea sarafu. Mwaka 2017 kampuni ya uokoaji ilitoa vipande 2,364 vya fedha kwenye kina cha kilomita mbili na nusu, ufundi wa kustaajabisha, ikadai ujira. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Afrika Kusini ina kinga dhidi ya dai hilo, ingawa pande mbili zilikuwa zimeshaelewana nje ya mahakama. Miaka saba ilipita kati ya kuitoa fedha majini na neno la mwisho la majaji.

Fundi wa Maganzo hana miaka saba wala mawakili. Kwa hiyo nahesabu mapatano kuwa sehemu ya ufundi wake, sawa na kuloweka: lundo ni la nani, maji ananunua nani, jiwe likionekana anaitwa nani kwanza, na fungu la mkono ni ngapi. Hayo yasemwe mbele ya mashahidi kabla ndoo ya kwanza haijamwagwa, maana jiwe likishaonekana kila mtu hulikumbuka neno lake tofauti.