Seva Hununuliwa kwa Chipu, Si kwa Nembo

Machi 2005, Theo de Raadt, kiongozi wa mradi wa OpenBSD, alitangaza kwamba toleo la 3.7 la mfumo huo lingetoka bila draiva ya aac, ile inayoendesha kadi za RAID za Adaptec. Draiva hiyo ilikuwapo, na kwa nje ilifanya kazi: diski zilisomeka, faili ziliandikika. Ila ilikuwa na hitilafu ambazo wasanidi wasingeweza kuzirekebisha bila nyaraka za kadi yenyewe, na haikuwa na njia ya kuiuliza kadi hali ya diski zake. Waliiomba Adaptec nyaraka hizo kwa muda mrefu, wasizipate. Wakaamua kwamba draiva isiyoaminika ni afadhali isiwepo.

Wengi waliokuwa na kadi hizo waliumia. Hata hivyo, ukiuchambua kwa jicho la msimamizi wa seva, uamuzi ule ulikuwa sahihi, na hadi leo ndio somo bora kwa yeyote anayetaka kununua seva itakayoendeshwa na Linux, FreeBSD au OpenBSD.

Mtu hununua kadi ya RAID ili diski moja ikifa, kazi iendelee huku yeye akitafuta nyingine. Ulinzi huo una nusu mbili. Ya kwanza ni kadi kuendelea kutoa data. Ya pili ni msimamizi kujua kwamba diski imekufa. Nusu ya pili ikikosekana, ya kwanza inageuka mtego: diski inakufa kimya, seva inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na diski nyingine ikifuata, data yote iliyowekwa kwa mpango wa RAID 5 inapotea. Kwenye Linux na FreeBSD, Adaptec ilitoa programu yake ya kuisimamia kadi, lakini ilikuwa programu iliyofungwa, isiyo na msimbo chanzo wa kusoma wala kurekebisha. Aliyetumia mfumo ambao kampuni haikuujali hakuwa na lolote.

Jibu la OpenBSD lilikuja Novemba mwaka huohuo, katika toleo la 3.8: amri iitwayo bioctl. Ilianza na kadi za LSI zinazoendeshwa na draiva ya ami, kisha ikapanuliwa hadi MegaRAID SAS, Smart Array za HP na kadi za Areca. Kwa amri hiyo moja msimamizi anaona ni diski ipi imekufa, ipi inajengwa upya, na anaweza kuwasha taa ya nafasi husika ili fundi aliye chumba cha seva asichomoe diski nzima kwa bahati mbaya. Ni amri ileile kwa kadi za kampuni mbalimbali, na hapo ndipo unapoona faida ya kujua jinsi kifaa kinavyozungumza: anayeijua lugha yake anaweza kukitengenezea zana bora kuliko zile za mtengenezaji.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe kama seva "inakubali Linux". Karibu kila seva hubandikwa maneno hayo. Aulize: draiva inakaa wapi, na nani anaweza kuirekebisha?

Draiva iliyo ndani ya kerneli kuu ya Linux husafiri nayo. Kerneli haiahidi kwamba violesura vyake vya ndani vitabaki vilivyo kutoka toleo hadi toleo. Ni msimamo wa makusudi, umeandikwa wazi katika nyaraka zake. Anayebadilisha sehemu ya ndani hurekebisha pia draiva zote zilizomo zinazoitegemea. Draiva iliyo nje haina mtetezi wa namna hiyo. Na ikiwa imetolewa bila msimbo chanzo, inafungwa na kerneli iliyotengenezewa, na siku unapotaka kusasisha mfumo ili kuziba tundu la usalama, unalazimika kumsubiri mtengenezaji.

Mfano ni ProLiant MicroServer Gen8 ya HP, seva ndogo iliyopendwa sana. Ndani yake kuna kidhibiti cha diski cha Dynamic Smart Array B120i. Jina linafanana na la kadi za Smart Array za kweli, zenye draiva huria ndani ya kerneli, lakini RAID ya B120i hufanywa na programu, na kwenye Linux programu hiyo ni draiva iliyofungwa ya hpvsa, iliyotolewa kwa matoleo machache ya mifumo iliyochaguliwa. Ukombozi upo: ingia kwenye BIOS, badilisha kidhibiti kiwe cha AHCI, kisha jenga RAID kwa mdadm au ZFS. Seva ni ileile, diski ni zilezile, ila sasa hazimtegemei mtengenezaji. Na seva ikiungua, unazihamishia kwenye mashine nyingine ya Linux yenye zana hiyohiyo na data inasomeka, jambo ambalo kadi za RAID kwa kawaida hulikataa mpaka upate kadi ya ukoo uleule.

AHCI, kiwango cha pamoja cha kuendesha vidhibiti vya SATA, inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha njia bora kuliko kuomba nyaraka kadi kwa kadi. Intel ilitoa maelezo ya AHCI hadharani mwaka 2004, watengenezaji wengine wakayafuata, na leo draiva moja inaendesha vidhibiti vya SATA vya kampuni nyingi. NVMe ilifuata nyayo hizo: maelezo yake ya kwanza yalitoka Machi 2011, na draiva ikaingia katika Linux 3.3 mwaka 2012. Kifaa cha NVMe hujitambulisha kwa namba ya aina yake, 0108, kwa hiyo kerneli haihitaji kujua kimetoka kiwanda gani ili ikiendeshe. Mnunuzi anayechagua diski za NVMe, au diski za SATA kwenye AHCI, anakuwa ameondoa sehemu kubwa ya mashaka kabla hajauliza swali jingine lolote.

Tuje sasa kwenye mashine ambayo wengi wetu tunaifahamu: Dell PowerEdge R710, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009. Seva za kizazi hicho zimefika Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kama mtumba, zikafanya kazi mashuleni, kwenye vyuo na kwa watoa huduma wadogo wa intaneti. Ni chuma imara. Lakini imewahi kuwakwamisha wasimamizi kwa namna mbili tofauti, na kila moja ina funzo lake.

La kwanza ni mtandao. Chipu yake ya mtandao ni Broadcom BCM5709. Draiva yake, bnx2, ni huria na iko ndani ya kerneli. Hata hivyo, chipu haianzi kazi mpaka ipakiwe fimwea, yaani programu inayoendeshwa ndani ya chipu yenyewe. Debian 6, iliyotoka mwaka 2011, iliondoa kwenye kerneli yake fimwea zisizo huria, na hivyo aliyekuwa akisakinisha Debian kwenye R710 alisimamishwa katikati na kuombwa faili la bnx2 kwa njia ya flashi. Wakati huohuo OpenBSD iliisambaza fimwea hiyohiyo pamoja na mfumo wake. Mradi huo hukataa msimbo uliofungwa unaoingia kwenye kerneli, lakini hukubali fimwea inayoishi ndani ya kifaa, mradi leseni yake iruhusu kuisambaza. Debian yenyewe ilipiga kura mwaka 2022 na kuruhusu fimwea za aina hiyo kwenye flashi rasmi ya usakinishaji, kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023. Funzo: draiva na fimwea ni vitu viwili, na leseni ya kila kimoja iangaliwe peke yake.

La pili ni diski. R710 nyingi zina kadi ya PERC 6/i au H700, na nyingine zimewekwa H200 yenye chipu ya LSI SAS2008. Red Hat ilipotoa RHEL 8 mwaka 2019, draiva za megaraid_sas na mpt3sas zilibaki, ila namba za chipu hizo za zamani zilitolewa kwenye orodha ya zinazotambuliwa. Aliyejaribu kusakinisha alikuta mfumo hauoni diski hata moja, ingawa jana yake RHEL 7 ilikuwa ikifanya kazi vizuri kwenye mashine hiyohiyo. CentOS 8, iliyojengwa kwa msimbo wa RHEL 8, ikarithi hali hiyo.

Hapo ndipo thamani ya msimbo huria ilipojionyesha. Kerneli kuu haikuwa imezitupa chipu hizo, kwa hiyo watumiaji wa Debian na Ubuntu hawakuguswa. Na kwa waliotaka kubaki na ukoo wa Red Hat, mradi wa kujitolea wa ELRepo ulijenga upya draiva zilezile zikiwa na namba zilizoondolewa, pamoja na diski za kupakia draiva wakati wa usakinishaji. Hakuna aliyehitaji ruhusa ya kampuni. Linganisha na hpvsa: mtengenezaji akinyamaza, hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuijenga upya.

Uwazi peke yake, hata hivyo, haugeuzi chipu mbovu kuwa nzuri. Chipu ya mtandao ya RealTek 8139 ilikuwa na draiva huria kila mahali, lakini Bill Paul, aliyeiandikia draiva ya FreeBSD, aliacha ndani ya msimbo lawama kali kuhusu usanifu wake: nafasi nne tu za kutuma pakiti, na kila pakiti inayopokelewa hutua kwenye eneo moja la kumbukumbu ambako prosesa inapaswa kuinakili tena. Kwenye seva yenye wateja wengi, kazi hiyo ya kunakili ni mzigo wa bure. Intel I350, inayoendeshwa na draiva ya igb, ina foleni nane kwa kila mlango, hivyo kazi hugawanywa kati ya kori kadhaa za prosesa. Ndiyo maana msimbo wa draiva ni shahidi mzuri: maoni ya aliyeiandika, ambaye amekesha na chipu hiyo, huwa ya kweli kuliko kipeperushi cha mauzo.

Basi kabla ya kulipa, fanya hivi. Mwombe muuzaji awashe seva kwa flashi ya mfumo unaokusudia kuutumia, si mfumo wowote alio nao. Endesha lspci -nn, uandike namba za kidhibiti cha diski na za kadi ya mtandao. Tazama kama kila kimoja kimepewa draiva, na kama draiva hiyo imo kwenye kerneli au imeongezwa kando. Soma dmesg, utafute malalamiko ya fimwea. Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliruka: chomoa diski moja, uone kama mfumo unakuambia, kwa mdadm, smartctl au bioctl, bila programu ya mtengenezaji. Mwisho, soma taarifa za toleo lijalo la mfumo wako, sehemu ya vifaa vilivyoondolewa, utafute namba ulizoandika.

Taasisi zetu zinaponunua seva kwa zabuni, hati huandikwa kwa idadi ya kori, ukubwa wa kumbukumbu na maneno "RAID" na "gigabiti moja". Muuzaji anaweza kutimiza masharti hayo yote kwa kifaa kitakachokuwa mzigo baada ya toleo moja la mfumo. Sentensi moja ya ziada inatosha kubadili hali: kwamba kila kidhibiti cha diski na kila kadi ya mtandao iwe na draiva ndani ya kerneli kuu, na hali ya diski isomeke kwa zana huria. Sentensi hiyo haiongezi gharama, na inamlinda atakayeitunza seva hiyo miaka kumi ijayo, wakati mtengenezaji ameshaisahau.