Maji, Jina na Kisu: Maana ya Ubatizo katika The River Between

Utangulizi

Riwaya ya The River Between ilitolewa mwaka 1965, wakati Ngugi wa Thiong'o alipokuwa bado akitia sahihi kazi zake kwa jina la James Ngugi. Tangu hapo imesomwa na kufundishwa sana katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki, na wahakiki wengi wameieleza kuwa ni kisa cha mgongano baina ya mila za Wagikuyu na dini ya Kikristo. Kauli hiyo si ya uongo, lakini inapita juu juu. Mila za Chege na imani ya Joshua hazikabiliani hewani. Zinakutana katika tendo moja mahsusi, nalo ni tendo la kumwingiza mtu katika umma wa watu. Kule Kameno tendo hilo ni tohara. Kule Makuyu ni ubatizo. Kati ya milima hiyo miwili unapita mto Honia, na jina lake lina maana ya kuponya au kurudisha uhai.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msiba wa Muthoni, binti wa Joshua, hautokani na kupingana kwa ubatizo na tohara kama wengi walivyodhani. Unatokana na jinsi Joshua anavyouelewa ubatizo. Yeye hakuiondoa tohara nyumbani mwake, bali aliugeuza ubatizo ukawa tohara ya pili, yaani alama ya kutengana badala ya mlango wa kuingilia. Ili jambo hilo lieleweke, yafaa kuanza na maneno yenyewe.

Maneno mawili na asili zake

Kitenzi «batiza» kimetoka katika Kiyunani, ambamo maana yake ya awali ni kuchovya au kuzamisha majini. Mzizi wake ni ule ule uliotumiwa na watia rangi walipochovya nguo. Aliyelisikia neno hilo katika karne ya kwanza alisikia habari ya maji kabla ya kusikia habari ya dini. Lakini wafasiri wa Kilatini hawakulitafsiri; walilichukua kama lilivyo, na baadhi ya lugha za Ulaya zikafuata njia hiyo hiyo. Wamisionari walipofika Afrika Mashariki walikuja na neno lililokwisha kukaushwa maji yake. Kiswahili kikalipokea: batiza, batizwa, ubatizo, mbatizaji. Kigikuyu nacho kikapata «batithia».

Sarufi ya Kiswahili ililikaribisha neno hili kwa ukarimu mno. Mwisho wake wa «-iza» unafanana kabisa na kiambishi cha kufanyiza, kile tunachokiona katika «pendeza» au «fanyiza». Hata hivyo ufanano huo ni wa sura tu. Ukiuondoa mwisho huo hubakiwi na kitenzi chochote chenye maana. Ni neno lenye mavazi ya Kibantu lisilo na mwili wa Kibantu, na msikilizaji hana budi kujazia maana yake kwa kile anachokiona kikitendeka. Alichokiona mara nyingi katika vituo vya misheni ni mtu kupewa jina la kigeni. Ndiyo maana hata leo, katika mazungumzo ya kawaida, «kubatiza» ni kumpa mtu au kitu jina, na kijana aliyepachikwa jina la utani husemwa kuwa amebatizwa. Maji yamekwenda zake; jina limebaki.

Tofauti na hilo, «tohara» ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ya msingi ni usafi na utakaso. Lina undugu na «twahara», na Mswahili hahitaji kuelezwa undugu huo. Hapa pana jambo la kushangaza ambalo halijaangaliwa vya kutosha. Katika Kiswahili, tendo lenye jina la utakaso ni lile la kisu. Lile la maji, ambalo mafundisho ya kanisa yasema kwamba ndilo la utakaso, lina jina lisilomwambia msikilizaji lolote. Hivyo mhubiri aliyetaka kumfahamisha mtu kwamba ubatizo unaosha alikuwa akisemea dhidi ya lugha yenyewe.

Ubatizo katika Maandiko

Mafundisho ya Mtume Paulo kuhusu ubatizo yana nguzo mbili. Ya kwanza inapatikana katika Waraka kwa Warumi, sura ya 6: kushuka majini ni kuzikwa pamoja na Kristo, na kutoka majini ni kufufuka katika maisha mapya. Ubatizo basi ni kifo na kuzaliwa kwa pamoja. Nguzo ya pili imo katika Wagalatia, sura ya 3: waliobatizwa wamemvaa Kristo, na kwa hiyo ile mipaka ya Myahudi na Myunani, mtumwa na mtu huru, haiwatengi tena. Mtu habatizwi awe peke yake. Anabatizwa aingie katika mwili wa watu.

Katika Wakolosai, sura ya 2, Paulo anauweka ubatizo bega kwa bega na tohara, akiutaja kuwa unahusu tohara isiyofanywa kwa mikono. Hili si jambo dogo. Kanisa la kwanza lilikuwa limegawanyika juu ya swali hilo hilo la kisu. Matendo ya Mitume, sura ya 15, yasimulia jinsi mitume na wazee walivyokutana Yerusalemu kuamua kama watu wa mataifa mengine walazimishwe kutahiriwa, na wakakata shauri wasitwishwe mzigo huo. Paulo mwenyewe aliwaambia Wagalatia kwamba kutahiriwa hakuna nguvu, na kutotahiriwa vile vile hakuna nguvu. Sehemu ya pili ya kauli hiyo ndiyo ambayo Joshua hakuisoma.

Joshua na sheria ya kutotahiriwa

Joshua ni mmoja wa watu wa kwanza wa milima ile kuipokea imani mpya huko Siriana. Msomaji hamjui kwa jina jingine. Jina lake la kuzaliwa limefutika kiasi kwamba hata msimulizi halitumii. Joshua huyu si mnafiki. Ngugi amemchora kama mtu mwenye imani ya kweli, na hapo ndipo lilipo tatizo. Tohara kwake imekuwa dhambi kubwa kupita nyingine zote, hata anamwomba Mungu msamaha kwa kuwa alimwoa Miriamu, mwanamke aliyetahiriwa. Kwa maneno mengine, anaamini kwamba maji hayakutosha. Mwili wa mkewe bado una alama ambayo ubatizo haukuweza kuifuta.

Hapa ndipo fikira za Joshua zinapojikunja na kurudi zilikotoka. Wale waliomsumbua Paulo walisema kwamba asiyetahiriwa hawezi kuokoka. Joshua asema kwamba aliyetahiriwa hawezi kuokoka. Kwa sura, hao ni maadui. Kwa mantiki, ni ndugu, maana wote wawili wameuweka wokovu katika ngozi. Vivyo hivyo Kabonyi, aliyekuwa Mkristo kisha akaasi, anaongoza watu kwa kipimo hicho hicho kilichopinduliwa. Mhubiri na mpinzani wake wanalindana, kila mmoja akimhitaji mwenzake ili mpaka uendelee kuwapo.

Muthoni

Katikati ya watu hawa wa mipaka anasimama msichana. Muthoni anasema kwamba yeye pia ameipokea imani, lakini anataka kuwa mwanamke kamili kwa desturi za watu wake. Hoja anayomtolea dada yake Nyambura ni nyepesi kuisikia na ngumu kuijibu: baba na mama yao walitahiriwa wote wawili, na jambo hilo halikuwazuia kuwa Wakristo. Riwaya yote haina mhusika mwingine anayesoma ubatizo karibu zaidi na Paulo. Kwake Kristo hakuja kumtoa mtu kati ya watu wake bali kumkuta humo.

Matayarisho ya usomaji huu yamefanywa mapema katika msuko. Kabla Muthoni hajatajwa kwa urefu, msomaji ameonyeshwa Waiyaki akizaliwa mara ya pili kwa desturi ya Wagikuyu. Mbuzi anachinjwa, mtoto anaketi kati ya mapaja ya mama yake, kamba iliyotoka kwa mbuzi inafanywa kitovu na kukatwa, kisha anapelekwa Honia na kutumbukizwa majini. Kifo cha mnyama, kuzaliwa upya, maji ya mto: viungo vyote vya Warumi 6 vimo, ila jina la Kristo. Riwaya haisimulii kwa urefu ubatizo wa mhusika yeyote wa Makuyu, na pengo hilo lina maana. Yenye maji ni Kameno. Makuyu ina hubiri. Didakhe, mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya kanisa nje ya Agano Jipya, lilipendelea ubatizo ufanywe katika maji yanayotiririka. Kwa kipimo hicho Honia ulikuwa umekwisha kuwa tayari, ukimngoja mhubiri ambaye hakushuka bondeni.

Muthoni anashuka, na anakufa. Jeraha halifungi, anapelekwa hospitali ya Siriana, na kabla ya kukata roho anampa Waiyaki ujumbe wa kumpelekea Nyambura, kwamba anamwona Yesu na kwamba yeye sasa ni mwanamke. Kila upande unakifanya kifo chake kuwa hubiri lake. Joshua anakiona kuwa onyo kwa wanaogeuka nyuma; Chege anakiona kuwa adhabu juu ya Joshua. Hakuna anayesikia alichosema marehemu.

Mhakiki wa leo hawezi kuishia hapo. Kisu kilichomuua Muthoni si sitiari. Ukeketaji umepigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, na sababu za sheria hiyo ziko wazi katika jeraha ambalo Ngugi mwenyewe amelieleza. Ni udhaifu wa riwaya kwamba mwili wa msichana unafanywa uwanja wa upatanisho wa hoja za wanaume, na kwamba uzuri wa maneno yake ya mwisho unaelekea kuyafunika maumivu yake. Lakini udhaifu huo hauihalalishi hoja ya Joshua. Yeye hakuipinga tohara kwa kumhurumia binti yake. Binti alipokuwa akiugua, kwake alikuwa amekwisha kufa.

Riwaya na historia

Nyuma ya kisa hiki ipo historia ya mwaka 1929, wakati misheni kadhaa za Kiprotestanti katika nchi ya Wagikuyu zilipowataka wafuasi wao waape kuikataa tohara ya wasichana. Waliokubali walitia alama ya kidole gumba, nao wakaitwa «kirore» kwa sababu ya alama hiyo. Yaani kanisa lililokuwa na maji lilihisi haja ya kuongeza wino. Washirika wengi walitoka, na shule za kujitegemea zikaanzishwa. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1914 alibatizwa kwa jina la Johnstone, alitoa kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichoitetea tohara kuwa mhimili wa jamii.

Hata hivyo historia ilizaa jambo ambalo riwaya hailionyeshi. Waliotoka misheni hawakuutupa ubatizo. Walipoona watoto wao wanakua bila kubatizwa, walimwalika kutoka Afrika Kusini Daniel William Alexander, askofu mkuu wa African Orthodox Church. Alifika mwaka 1935, akabatiza watu wengi, akafundisha na kuwaweka wakfu makasisi kabla ya kuondoka mwaka 1937. Watu wale walitofautisha kwa makini vitu ambavyo Joshua na Kabonyi waliviona kuwa kimoja: waliyakataa masharti ya mmisionari na kuyadai maji. Kabonyi wa riwaya hana haja ya ubatizo wowote. Akitoka kwa Joshua anarudi moja kwa moja katika ukabila. Kwa jinsi hiyo Ngugi ameifanya njia kuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa, na upweke wa Waiyaki mwishoni unatokana kwa sehemu na wembamba huo. Wale ambao wangeweza kumwelewa wameachwa nje ya ukurasa.

Hitimisho

Karibu na mwisho wa riwaya Waiyaki anawaza kwamba imani ya mzungu si mbaya katika kiini chake, ila yahitaji kuoshwa uchafu ibaki ile kweli ya milele, kisha kweli hiyo ipatanishwe na mila za watu. Wazo hilo limepita bila kuangaliwa na wahakiki wengi, lakini ndilo linalofunga hoja ya kitabu kuhusu ubatizo. Anayehitaji kubatizwa si Mgikuyu peke yake. Dini iliyomjia nayo inapaswa kushuka mtoni. Waiyaki hakupata nafasi ya kulitamka wazo hilo hadharani. Yeye na Nyambura wanatiwa mikononi mwa Kiama, usiku unaifunika milima, na Honia unaendelea kutiririka.

Mwandishi mwenyewe baadaye aliliacha jina la James, na mpaka alipofariki tarehe 28 Mei 2025 alijulikana duniani kwa jina la ukoo wake. Wengi huchukulia kwamba kwa kuliacha jina aliuacha pia ubatizo. Kwa maana ambayo Kiswahili kimeipa neno hilo, ni kweli. Kwa maana yake ya asili, jina halikuwa kiini kamwe. Kwa hiyo mwalimu anayeifundisha riwaya hii darasani angefanya vema kuliacha lile swali la zamani la mila au dini, na kuwauliza wanafunzi wake swali ambalo Muthoni aliliuliza akiwa hai na hakujibiwa: mtu akiingia majini, anaingia katika umma gani, na kwa amri ya nani anatolewa katika ule aliozaliwa nao?