Kuipima Shabaha ya Marisau kwa Kanga wa Katavi

Bunduki ya marisau haina nukta moja ya kupiga. Chembe zake hutoka mdomoni mwa mtutu zikiwa fungu moja, kisha hutawanyika kadiri zinavyokwenda, kwa hiyo ubora wa shabaha uko katika namna fungu hilo lilivyojaa linapomfikia ndege. Katika miombo ya Mpanda, Mlele na wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, mtihani mkubwa wa shabaha hiyo ni kanga. Ni ndege wa kutembea ardhini, mwenye mwili mnene uliofunikwa na manyoya, na shingo nyembamba.

Kipimo cha kwanza hufanyika mbali na ndege. Karatasi pana, au mifuko ya saruji iliyopasuliwa na kuunganishwa, hutundikwa kwenye fremu ya miti, mbele ya kichuguu kikubwa au ukingo wa udongo. Mpigaji husimama mita 36, hupiga mara moja, kisha mviringo wa kipenyo cha sentimita 76 huchorwa pale matundu yalipojaa zaidi. Matundu ya ndani huhesabiwa moja moja. Risasi ya gramu 32 yenye chembe za milimita 2.8 ina chembe 250 hivi. Mtutu uliobanwa sana mdomoni hutarajiwa kuingiza asilimia 70, yaani 175. Mtutu usiobanwa asilimia 40 tu. Karatasi moja haitoshi kuhukumu bunduki. Tano zenye hesabu zinazokaribiana ndizo zinazoonyesha kwamba mtutu na aina ile ya risasi vinapatana, na risasi ikibadilishwa kazi huanza upya. Gobole halipimiki hivi, maana kila linaposhindiliwa hupata baruti na chembe za kiasi kingine.

Jumla peke yake hudanganya. Mjuzi hutazama mapengo. Huchora juu ya karatasi kichwa na shingo ya kanga kwa ukubwa wake halisi, kama sentimita za mraba 45, akirudia mchoro huku na huku. Mviringo wote una sentimita za mraba zaidi ya 4,500, kwa hiyo hata zile chembe 175 zikisambaa sawasawa, shingo hupata moja au mbili tu. Hapo ndipo majigambo ya kumwangusha kanga kwa mita 40 yanapokosa uzito. Karatasi nyingine ikipigwa kwa mita 25, chembe hukaribiana na mapengo huzibika. Umbali huo ndio wa kuheshimiwa.

Mwili wa mpigaji nao husomeka. Bunduki inayomfaa hupandishwa begani macho yakiwa yamefumbwa, na yakifumbuliwa jicho liko tayari juu ya mstari wa mtutu. Kitako kirefu hunasa kwenye nguo. Kifupi humgonga mpigaji puani. Shavu likiinuka kitakoni wakati wa kufyatua, marisau hupita juu ya ndege. Kosa hilo ni la kawaida, na kulirekebisha hakugharimu hata risasi moja.

Kanga akiruka, mtutu unapaswa kuendelea kutembea pamoja naye hata baada ya kufyatua. Ndege anayekatiza kwa mita 15 kwa sekunde, akiwa mita 30 kutoka kwa mpigaji, huwa amesogea karibu mita moja na nusu kabla chembe hazijafika. Anayesimamisha mtutu hupiga nyuma yake.

Dalili bora kuliko zote ya mpigaji hodari, hata hivyo, ni risasi isiyopigwa. Kanga hukimbia kwa makundi, na kupiga katikati ya kundi huangusha mmoja na kuwajeruhi wengine watakaofia vichakani bila kuonekana. Mpigaji hodari husubiri mmoja ajitenge na kuinua kichwa. Uwindaji wenyewe huhitaji leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hauruhusiwi kabisa.

Hukumu ya mwisho hutolewa kwenye beseni la maji ya moto. Kanga akinyonyolewa, ngozi huonyesha kila kitu: shabaha njema huacha alama kichwani na shingoni, kidari kikabaki bila doa. Shabaha mbaya huacha vidoa vyeusi mapajani na mgongoni, na ndani ya kila kidoa mna uzi wa nyoya ulioburutwa na chembe hadi kwenye nyama. Chembe hizo ni za risasi, madini yenye sumu, hivyo hutolewa kwa ncha ya kisu pamoja na nyama iliyozizunguka kabla chungu hakijainjikwa.